Nafua, napika, nafaulu: mbona mama bado haniamini?

"Nina miaka 16, niko S3, yaani kidato cha tatu, katika shule ya bweni. Kwetu ni Busia, upande wa Uganda. Baba ni dereva wa trela, anaenda Mombasa na kurudi, kwa hiyo wiki nyingi tunabaki na mama, ambaye anauza nguo sokoni. Likizo ya Mei nilimwambia mama naenda mazoezi ya kwaya, kumbe nilienda kwenye bethidei ya rafiki yangu. Jirani akaniona nikishuka kwenye boda, akampigia mama simu. Tangu siku hiyo sina amani. Likizo hii ya Agosti nimejitahidi kweli. Naamka mapema, nafua nguo za nyumba nzima, napika, na ripoti yangu ya muhula ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuleta. Lakini mama bado anachukua simu ikifika saa mbili usiku, anasoma meseji zangu, na nikitaka kwenda hata kwa binamu yangu lazima niongozane na mdogo wetu wa miaka saba. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 14, anarudi saa tatu usiku kutoka kutazama mpira na hakuna anayemuuliza kitu. Nikisema nimekua, mama anacheka. Nifanye nini wajue kwamba nimekomaa? Na kuna jingine: ile ya Mei haikuwa mara ya kwanza. Nilishaenda kwa huyo rafiki mara mbili kabla, na huko nilikutana na mvulana, tunaandikiana. Mama hajui. Nimwambie?"

Mwanangu, nimefurahi kwamba uliandika mpaka hilo la mwisho, ambalo ungeweza kulificha. Tutalifikia. Kwanza niseme ninavyokuelewa. Ulikosea Mei, ukaamua kujirekebisha kwa nguvu zako zote, na miezi mitatu baadaye mama bado anakutazama kwa jicho lile lile. Kufua umefua, kusoma umesoma, na bado unatembea na mtoto wa miaka saba kama mlinzi wako. Inauma, na inachosha. Wasichana wengi wa umri wako ninaoketi nao katika kazi hii ya ushauri wana malalamiko ya aina yako, na baadhi yao hufika mahali pa kusema: basi, kama wema hausaidii, nijisumbue wa nini? Wewe hujafika huko, na nataka usifike.

Naona unachukulia kuaminiwa kama mshahara: ukifanya kazi nyingi za nyumbani na kuleta alama nzuri, mwisho wa mwezi utalipwa uhuru. Lakini mama hakuacha kukuamini kwa sababu sahani zilikuwa chafu. Aliacha siku uliposema uko kwaya nawe uko kwingine. Kufua anakuona kwa macho yake, uko hapo uani. Shaka yake iko mahali asipofika. Hata ukifua mashuka ya Busia nzima, swali lake halijaguswa: huyu akishatoka getini, najua anakwenda wapi?

Mfikirie mwenye duka la mtaani anayekopesha sukari. Hamkopeshi mteja mpole kuliko wote. Anamkopesha yule ambaye akisema ataleta Ijumaa, analeta, na Ijumaa ikifika hana, anapita mwenyewe kabla ya jioni kusema, "Leo sijapata, nipe mpaka Jumatatu." Anayepitia uchochoro wa nyuma ili asionekane hakopeshwi tena, hata akija kumfagilia duka kila asubuhi. Wewe kwa sasa unafagia duka.

Hili si wazo langu tu. Mwaka 2000 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha utafiti uliouliza swali rahisi: wazazi wa vijana wa miaka 14 wanajuaje watoto wao wanafanya nini wakiwa nje? Kabla ya hapo wataalamu wengi walidhani mzazi anajua kwa sababu anachunga, anauliza, anaweka masharti. Walichokikuta ni kwamba sehemu kubwa ya wanachokijua wazazi inatoka kinywani mwa mtoto mwenyewe, anaposimulia bila kulazimishwa. Na kusimulia huko ndiko kulikoendana zaidi na watoto kutoingia matatani, kuliko ulinzi. Najua, Sweden si Busia. Huko huenda hakuna jirani wa kumpigia mama yako simu kabla hujamlipa mwenye boda. Lakini ninachokiona katika familia za kwetu kinafanana na hicho: mzazi anayepata habari kutoka kwa mtoto hulegeza kamba, na mzazi anayezipata kwa jirani huikaza, hata kama habari zenyewe ni zile zile.

Sasa mtazame mama. Kuna jambo ambalo ninyi watoto wa bweni hamlioni upesi. Mwaka wa shule una mihula mitatu. Ukitoa wiki chache za Mei, karibu mwezi mmoja wa Agosti na Septemba, na ile likizo ndefu ya Desemba na Januari, uko shuleni. Mama anakuona siku ya kutembelea wazazi, mnakula kuku chini ya mti, anakuachia sabuni na sukari, anapanda matatu anarudi. Msichana anayemfahamu vizuri ni yule aliyemfungia sanduku la bati mwezi wa pili, akahesabu naye madaftari na rimu ya karatasi, akamwandikia jina kwenye ndoo. Kila likizo anapokea mtu mwingine kidogo: ana marafiki asiowajua, ana maneno mapya, mwili umebadilika, anacheka na simu peke yake. Wewe umekua siku kwa siku na hukushtuka. Yeye anashtuka mara tatu kwa mwaka.

Tena shuleni huna simu, huna boda, huna pa kwenda bila karatasi ya ruhusa. Nafasi zote za kuonyesha unavyojiongoza zimebanwa ndani ya likizo hizo tatu. Ukiharibu Mei, umeharibu moja kati ya tatu, na mama anaingia Agosti akiwa na kumbukumbu hiyo tu mkononi. Mtoto wa shule ya kutwa angekuwa ametoka na kurudi mara mia tangu siku ile. Wewe hukupata hizo mia. Usidhani basi kwamba miezi mitatu imepita. Kwa hesabu ya mama zimepita wiki chache.

Halafu kuna mwaka 2020. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu hivyo. Wewe ulikuwa bado msingi. Mama zenu waliona wasichana waliokuwa sekondari wakipata mimba, wengine wakiozwa, wengine wakianza biashara ndogo na wasirudi darasani tena. Mama anayeuza sokoni katika mji wa mpakani, ambako malori yanalala na wageni hawakomi, hahitaji gazeti ili aogope. Na baba yako, ambaye maisha yake ni barabarani, anajua zaidi yake kinachowapata wasichana wa miji ya malori. Anapopiga simu jioni akiwa amekwama Mariakani au yuko foleni Malaba, swali la kwanza ni "watoto wako wapi?" Anayejibu ni mama. Lolote likikupata, ataulizwa yeye kwanza, na baba, na ukoo mzima. Anapokataa usiende kwa binamu peke yako, si lazima awe amekuona wewe mbaya. Huenda amejiona yeye akijibu simu hiyo.

Hofu hii hukuianzisha wewe, na si haki ubebeshwe yote. Ila ukiijua utaacha kuijibu kwa mabeseni ya nguo.

Lingine linakuhusu wewe, na halipendezi kulisikia. Ubongo wa binadamu haukomai wote kwa pamoja. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka ishirini na kitu. Sehemu zinazowaka kwa furaha, sifa na msisimko huchangamka mapema zaidi, katika umri wako huu. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg huko Marekani waliwapa watu wa rika mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: taa inageuka njano, unasimama au unajaribu bahati? Vijana walipocheza huku marafiki zao wakitazama, walijaribu bahati mara nyingi zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Watu wazima karibu hawakubadilika, wawe na marafiki au wasiwe nao.

Kwa hiyo unapomwambia mama, "Nimekua, najua zuri na baya," unasema kweli, ukiwa jikoni. Mama anamuuliza habari yule wa saa kumi na mbili jioni, muziki umekolea, wenzako wanne wanasema, "Tulia bwana, boda zipo mpaka usiku." Mama anacheka kwa sababu naye alikuwa na miaka 16, ingawa hatakuambia. Wenye umri wako wanaovuka salama jioni kama hiyo mara nyingi hawana moyo wa chuma. Wamepanga kabla ya kutoka. Wameshasema saa ya kurudi. Wana boda wa nyumbani, yule wa stejini anayejulikana kwa jina na namba, na wamekubaliana naye atakuja saa ngapi. Wamepanga na mama neno ambalo wakilituma kwenye meseji, mama anapiga simu kwa ukali: "Rudi sasa hivi!" na wao wanaondoka wakilalamika mbele ya wenzao. Hiyo ya mwisho ninaipenda sana. Mama anakuwa mbaya kwa niaba yako na hakuna anayekucheka. Ukimpelekea mama pendekezo la namna hiyo, ataona kwamba umeifikiria hatari kabla yake, na hilo litamgusa kuliko kusikia tena kwamba umekua.

Sasa, la kufanya. Umeniandikia ulichofua na ulichopika, lakini hujaniambia kama uliomba msamaha. Nashuku hukuomba. Ulifua. Wengi wetu hufanya hivyo, hata watu wazima kwenye ndoa: kosa halitajwi, vyombo vinaoshwa kwa kelele, na kila mtu anasubiri lipite. Halipiti. Mama hajui kama umeelewa ulichomfanyia au unajutia tu kukamatwa, na tofauti hiyo ndiyo inayomnyima usingizi.

Chagua wakati. Asubuhi anapofunga mizigo ya sokoni, hapana. Baba akiwa kwenye simu, hapana. Mbele ya wadogo zako, hapana kabisa. Ngoja jioni, ameshahesabu pesa za siku, amevua viatu, nyumba imetulia. Kama kwenu binti hupiga magoti akizungumza jambo zito na mzazi, piga. Siku hiyo si ya kubishana na mila. Sema kwa kifupi: "Mama, ile siku ya Mei nilikudanganya. Nilisema kwaya, nikaenda kwa fulani. Nilidanganya kwa sababu nilijua ungekataa. Ukaja kusikia kwa jirani, nikakuaibisha. Nisamehe." Halafu nyamaza. Usitie "lakini". Usimtaje mdogo wako wa kiume. Usiombe simu usiku huo, maana atajua msamaha ulikuwa wa kutafutia simu. Anaweza kufoka upya kana kwamba ni jana. Mwache. Anaweza pia kunyamaza na kukuambia kalale. Hayo yote si kukataa.

Baada ya siku kadhaa, omba jambo dogo lenye mwanzo na mwisho. Ukiomba "uhuru", mama hana la kupima. Omba hivi: "Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi na moja, niende kwa binamu bila mdogo wetu. Nitakupigia kwa simu ya shangazi nikifika, na nikianza kurudi." Akikubali, rudi kumi na moja kasorobo. Kisha, wakati mnachambua mboga za dodo za jioni, simulia bila kuulizwa: mlifanya nini, nani alikuja, na lile ambalo ungeweza kuliacha, kwa mfano kwamba binamu alitaka mwende mtaa wa Sofia kununua chipsi na mkaenda, mkarudi. Hapo ndipo kazi inafanyika. Mama atajifanya hasikii, anaendelea na mboga. Anasikia.

Na habari mbaya zifike kwake kutoka kwako, zikiwa bado za moto. Umepoteza elfu tano ya chenji, mwambie unapoingia mlangoni. Kemia imekushinda, mwambie kabla hajaifungua ripoti. Umeona utachelewa, piga kabla ya saa mliyokubaliana. Simu ya kumi na moja kasoro dakika kumi ina uzito ambao ya saa kumi na moja na nusu haina tena. Utagombezwa, ndiyo. Lakini kila unapogombezwa kwa jambo ulilolileta mwenyewe, mama anajifunza kwamba ukimya wako una maana ya salama. Leo hii ukimya wako kwake una maana ya bethidei.

Itachukua muda gani? Sitakudanganya kwamba likizo hii itatosha. Pengine Desemba utaona tofauti kidogo, pengine mwakani. Utafanya vizuri mara sita na mara ya saba mama ataamka vibaya na kukukatalia bila sababu. Siku hiyo jibu lako litaangaliwa kuliko siku zote sita. Sema, "Sawa mama, tutaongea siku nyingine," na kweli siku nyingine uongee. Kubamiza mlango kutampa sababu aliyokuwa anaikosa.

Kuhusu simu, nakuona una njia nne. Ya kwanza ni kutafuta laini ya siri au kufuta meseji kabla ya saa mbili; unaifahamu, na unajua inaishia wapi. Ya pili ni kugoma, na hapo simu itakaa kwenye kabati la mama mpaka shule ifunguliwe. Ya tatu ni kukubali yote kimya. Inafanya kazi, ila ina gharama: mtoto anayesomewa kila neno hujifunza kuandika kwa mafumbo, na mama akija kusoma maneno haya namwomba alifikirie hilo. Ya nne ni kuzungumza masharti. Mwambie simu italala sebuleni usiku, wewe mwenyewe utaiweka bila kuitishwa. Hapa mama ana haki hata kuliko anavyojua, kwa sababu katika umri wako saa ya mwili husogea mbele, usingizi huchelewa kuja, na mwanga wa simu kitandani huuchelewesha zaidi. Kisha omba kwamba akitaka kuona meseji, akuite mketi pamoja, maana humo mna mambo ya rafiki zako ambao hawakumwambia yeye. Anaweza kukataa. Simu ni yake, na huenda hata laini imesajiliwa kwa jina lake. Lakini ukiiweka sebuleni saa mbili kasoro kila siku bila kukumbushwa, baada ya wiki kadhaa ombi lako litasikika tofauti.

Mdogo wako wa kiume. Hapo una haki, na sitaki kukuzungusha: si sawa. Familia nyingi zinamlinda binti kwa sababu hatari yake inaonekana tumboni, na zinamwachia mvulana kwa sababu yake haionekani. Mtoto wa miaka 14 anayerudi saa tatu usiku kutoka kibanda cha mpira yuko pembeni kabisa na watu wanaobeti, wakati sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza yeyote aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Miaka 25, si 18. Naye pia anahitaji kuulizwa "ulikuwa wapi?" Lakini usilitumie hili ukijitetea. Ukisema "mbona yeye?" mazungumzo yatahama kwako yaende kwake, na matokeo ya kawaida ni kwamba naye anafungiwa na wewe hupati kitu. Lizungumze siku nyingine, baba akiwa amerudi na ametulia, kama wasiwasi wa dada mkubwa kwa mdogo wake. Kwa kuwa ni kweli, halihitaji chumvi.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Lina mambo mawili ndani yake na hayafanani.

Zile mara mbili za kabla, mwambie, na umwambie jioni ile ile unapoomba msamaha wa Mei. Ukiomba msamaha wa moja na zile mbili zikaja kujulikana Oktoba, na msamaha wenyewe utahesabiwa kuwa uongo wa nne. Utalipa zaidi siku hiyo, huenda hata safari ya kwa binamu ikafa kwa likizo hii. Bado nakushauri ulipe. Kama unaona huwezi kulisema lote peke yako, tafuta shangazi yako. Kwa Waganda senga, yaani shangazi, ana kazi hii tangu zamani, na kwenu hakukosi dada wa baba ambaye mama anamsikiliza. Mweleze yeye kwanza, kisha aketi nanyi. Asiseme kwa niaba yako, awepo tu.

Mvulana ni suala jingine. Binti wa miaka 16 anaruhusiwa kuwa na chumba kidogo cha moyo ambacho mama hana ufunguo wake. Mtafiti Judith Smetana, aliyechunguza kwa miaka mingi mabishano ya wazazi na vijana, anaonyesha kwamba pande zote mbili huwa zinakubali mzazi awe na sauti juu ya usalama na maadili. Ugomvi unazuka kwenye mpaka, pale kijana anaposema "hili ni langu" na mzazi anasema "hili ni la usalama wako". Kumpenda mtu ni lako. Mahali mnapokutana, saa, na anachokuomba, hayo ni ya usalama. Kwa hiyo kama ni mwanafunzi wa umri wako na mnaandikiana mambo ya shule na vichekesho, huna deni la kumsomea mama kila mstari. Ila akikuuliza moja kwa moja, "Kuna mvulana?", usiseme hapana. Sema, "Yupo mmoja tunaandikiana, hatukutani peke yetu," na hakikisha ni kweli.

Lakini jijibu mwenyewe maswali haya kabla ya kumjibu mama. Ana miaka mingapi kweli, umeona darasa lake au umeambiwa? Anakutumia pesa za simu, bando, zawadi? Amekuomba picha ambazo usingependa shangazi azione? Anakuambia usimwambie mtu? Ukijibu ndiyo kwa moja tu kati ya hayo matatu ya mwisho, au umegundua ni mtu mzima, basi hili si siri ya moyo tena, mwambie mama au shangazi leo, hata kama utachapwa maneno wiki nzima. Kwa sheria ya Uganda aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa ameridhia tendo la ndoa, na mtu mzima anayemwendea anafanya kosa kubwa la jinai. Kama picha zimeshatumwa na sasa anakutisha nazo, usimlipe, usimtumie nyingine, usifute meseji zake. Zionyeshe kwa mtu mzima unayemwamini.

Na kuna hali ambazo ushauri wangu wote wa kuomba msamaha na kurudi kasorobo haufai. Kama adhabu nyumbani ni kipigo cha kuumiza, kunyimwa chakula, kutishiwa kutolewa shule au kuozwa. Kama kuna mtu wa nyumbani au jirani anayekugusa. Hapo tatizo si ukomavu wako na usijaribu kulimaliza kwa tabia njema. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto inayoitwa Sauti, haina malipo. Kituo cha polisi kina kitengo cha kulinda watoto na familia, na wilayani kuna afisa wa ustawi wa jamii anayeshughulikia watoto. Vilevile, ukiona wiki zinapita hulali, huli, hutaki kuwaona hata marafiki, au unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje mama akuamini ndipo umwambie. Mwambie sasa, muende kituo cha afya. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina huduma ya afya ya akili.

Yasiyofika huko, lakini yanakuzidi kuyabeba, mpelekee mwalimu mlezi wa wasichana shuleni kwenu. Usingoje mambo yaharibike. Mtafute wiki ya kwanza ya muhula wa tatu, kabla mitihani ya mwisho wa mwaka haijamfunga, na mwombe akiweza aongee na mama siku ya kutembelea wazazi. Mama amezoea kusikia habari zako za shule kwenye karatasi ya ripoti tu.